Maneno ya Mwisho ya Kosgei

Kiamunyi, Jumapili, 9 Machi 1969

Sijui Kimalayalam. Nimeanza na sentensi hiyo ili hata nikifa kesho iwe imeandikwa. Kwa miaka ishirini na minne watu wa Nakuru wameamini kwamba mimi, Ephantus, aliyewafundisha wengi wao kusoma, nilirudi kutoka vitani India nikikisema kama mwenyeji wa kule. Wahindi wa mji huu ni Wagujarati na Wapunjabi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunipima. Ninajua neno la maji na neno la hakuna. Basi.

Uongo huo ungebaki mjini usingemuumiza mtu. Lakini mwaka 1945 niliupeleka Kuresoi. Kosgei, rafiki yangu wa kikosi kimoja, alikufa kwa homa katika hospitali ya jeshi kusini mwa India. Askari mwingine alikuwa amekwisha kumwambia mjane wake kwamba Kosgei, kabla ya kufa, alipayuka kwa lugha ya kule, ile aliyojifunza kwa wahudumu wa wodi. Nilipofika bomani kwao kutoa pole, mjane akaniuliza jambo moja tu: "Wewe ulikuwa naye. Alikuwa akisema nini?" Nikamwambia ninaijua lugha ile, na kwamba alisema hivi: "Mwambieni asimwashie mwanamume mwingine moto. Mimi nimo ndani ya mtoto."

Niliyatunga pale pale, kikombe cha maziwa mkononi. Niliona ni maneno ya heshima. Mjane, Mama Kipsang, akayapokea kama amri. Kemboi, mdogo wa marehemu, mtu mpole na mchapakazi, alipotaka kumchukua kama desturi yao inavyosema, mama huyo alikataa, mwaka wa kwanza na wa pili na wa tatu, mpaka Kemboi akaoa kwingine. Amemlea Kipsang peke yake, kwa jembe na viazi.

Daktari anasema moyo wangu umevimba na huenda nisiuone mwezi wa nane. Kabla ya hapo ni lazima nimwambie mama yule ukweli. Wachuka, mke wa mwanangu, ndiye aliyeninunulia daftari hili. Anadhani ninaandika habari za ukoo.

Jumatano, 12 Machi

Vumbi. Ng'ombe wanalia. Sikuandika barua ya Kuresoi.

Ijumaa, 14 Machi

Leo Jagdish, mwenye sinema, amekuja mpaka huku na gari lake, suti imejaa vumbi kama mtu aliyetembea kwa miguu. Wachuka akamletea chai. Hakuinywa.

"Mwalimu, mimi nimeharibikiwa. Niliagiza Nairobi filamu ya Kihindi, ya nyimbo na mapenzi. Wameniletea mikebe kumi na tatu, ndani iko watu wanaongea kitu hata fundi yangu Gurdial hajui. Herufi zao mviringo tu, kama jalebi, ile tamu ya kukaanga."

Nilijua kabla hajamaliza. 

"Nimeandikia msambazaji. Anasema hii ni Kimalayalam, filamu ya sayansi, wametoa katika kitabu ya zamani sana, na nyingine hakuna mpaka mwezi wa sita. Na mimi nimeshabandika posta mji mzima. Mwalimu, watu yangu wanaondoka. Kila wiki familia mbili tatu zinaenda Uingereza. Waafrika wakikosa kuja, mimi nafunga. Wewe utakaa kando ya pazia na maikrofoni, utatuelezea kwa Kiswahili. Mchana tu, Jumamosi na Jumapili. Najua wewe ni mgonjwa."

Wachuka akasema, "Baba hawezi. Hata chooni ninampeleka mimi."

Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa, tena mkwe wangu ndiye aliyenifungulia. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nitakuja."

Jumamosi, 15 Machi

Sijui niandikeje. 

Asubuhi Gurdial, fundi wa mashine, alinionyesha filamu peke yangu. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwanzoni kuna mstari mmoja wa Kiingereza, ndio msaada wote niliopata: kwamba hadithi imetokana na kisa cha kale cha mfalme aliyeuacha mwili wake akaingia mwili mwingine. Baada ya hapo ni macho yangu tu. Daktari mwenye koti jeupe ana mashine ya mirija ya kioo na nyaya zinazotoa cheche. Mgema anaanguka kutoka juu ya mnazi, anakufa. Daktari anajifunga kwenye mashine, umeme unapiga, na mgema anafumbua macho akiwa na akili ya daktari. Kumbe jamaa za daktari wameukuta mwili wake umelala, wamedhani amekufa, na kwa kuwa ni Wahindu wamekwisha kuuchoma. Hana pa kurudi. Anakwenda nyumbani kwake na sura ya mgema. Mkewe anamfukuza. Mwisho yuko hospitalini, anakufa mara ya pili, na mke yuko kando na mtoto mchanga.

Saa nane ukumbi ulikuwa nusu. Obura wa reli alikaa mbele na wenzake, wamekuja kunicheka. Nilianza kwa woga. Daktari alihutubia dakika nzima, nami nikasema, "Anasema mashine iko tayari."

"Mwalimu," Obura akaita, "huyo amesema maneno hamsini, wewe unatupa manne. Mengine umeweka wapi?"

Ukumbi ukacheka. Sijui ni nini kilichoniingia. Nikamjibu kwenye maikrofoni, "Mengine ni matusi kwa watu wa reli," na kicheko kilichotoka hapo kiliniinua kama mtoto anayerushwa juu. Tangu hapo sikusimama. Nilimpa daktari mama aliyekufa kwa ndui. Nilimpa mke wivu, nikampa mgema deni la mbuzi. Nilisema kwa sauti nzito, nikasema kwa sauti ya kike. Akina mama walianza kumwonya daktari: "Usilale hapo, we, watakuchoma."

Kisha ikafika hospitali. Mgonjwa alifungua kinywa, akasema kwa muda mrefu, taratibu, macho kwa mkewe. Ukumbi wote ulinigeukia. Sikuwa na kitu. Na hapo kinywa changu kikayatoa yale niliyokuwa nayo tangu mwaka 1945: "Asimwashie mwanamume mwingine moto. Mimi nimo ndani ya mtoto."

Obura alilia. Nilimwona.

Jumatatu, 17 Machi

Miguu imevimba mpaka viatu haviingii. Sijawahi kuwa na furaha kama hii tangu nistaafu.

Jumapili, 23 Machi

Ukumbi umejaa jana na leo. Watu wamesimama kando ya kuta. Mwanamke mmoja ametoka Njoro kwa miguu na mtoto mgongoni. Gurdial alishuka kutoka chumba chake cha mashine, akasema, "Mzee, mimi nasikia Kiswahili chako nasahau kubadilisha mkebe. Leo nusura pazia ibaki nyeupe."

Jagdish ameamuru posta mpya: MIILI MIWILI YA DAKTARI, na chini, INAELEZWA NA MWALIMU EPHANTUS. Jina langu ni kubwa kuliko la filamu. Niliitazama posta ile kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mzee wa kanisa.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imeanza, kubwa, juu ya mabati ya sinema. Nilipaza sauti mpaka koo likawaka. Kwenye hospitali sikuhitaji kupaza. Ukumbi mzima ulisema pamoja nami: "Mimi nimo ndani ya mtoto." Watu zaidi ya mia nne.  Nje, madereva wa malori wanaambizana maneno hayo kama salamu.

Wachuka alinivua koti lililolowa. "Baba, umepata rangi usoni. Lakini daktari alisema ulale."

"Nitalala mwezi wa nane."

"Usiseme hivyo."

Ijumaa, 4 Aprili

Ijumaa Kuu. Nilikwenda kanisani na sikuweza kusali. Nilikuwa nikimtafutia mgema sauti nzuri zaidi.

Jumapili, 13 Aprili

Leo alikuja mwanamke kijana wa Kihindi, amevaa sari ya kijani na viatu vya mvua, akakaa peke yake karibu na mwisho. Nilidhani ni Mgujarati. Wengine walipocheka hakucheka, na mara mbili alicheka pale ambapo watu wote walikuwa kimya. 

Baada ya onyesho alinifuata. Anaitwa Vidya, amefika mwezi uliopita kufundisha sayansi shule ya wasichana, na kwao ni pwani ya kusini magharibi ya India. Alinisemesha kwa lugha yake. Sentensi ndefu, kwa furaha, kama mtu aliyemkuta ndugu sokoni. Nilimtazama. Alingoja. Kisha akaendelea kwa Kiingereza, polepole:

"Mwalimu, filamu uliyoieleza ni nzuri sana. Ningependa kuiona siku moja."

Nikakaa kwenye kiti. Akakaa kando yangu. Nilidhani atamwita Jagdish. Badala yake akauliza deni la mbuzi nimelitoa wapi, na nilipomwambia alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya sari.

"Na pale hospitalini?" nikauliza. "Anasema nini hasa?"

"Anaomba maji. Muda wote ule anaomba maji, anamwambia mkewe ni kiasi gani, kwenye chombo kipi, kile cha shaba kilicho dirishani. Mkewe hampi, kwa kuwa ni mgema na yeye ni mwanamke wa nyumba kubwa. Hakuna maneno ya mapenzi. Ndiyo maana kwetu filamu hii haikupendwa."

Neno la maji ninalijua. Lilisemwa mbele yangu mara kumi, kumi na mbili, kila onyesho, na sikulisikia, kwa sababu nilikuwa nikijisikiliza.

Jumamosi, 26 Aprili

Kipsang amekuja. Mwana wa Kosgei, mtu mzima sasa, karani wa chama cha ushirika Molo. Sikujua yumo ukumbini mpaka taa zilipowaka. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee, kumbe hata hiyo filamu iko na maneno ya baba."

Nilitafuta uso wake kama una hasira. Hakuwa na hasira. Aliamini kwamba watu wa kule wote husema hivyo wakifa, kwamba ni dua yao, na baba yake alijifunza wodini.

"Nitamleta mama," akasema. "Miaka yote hii anatamani kusikia hiyo lugha kwa masikio yake. Atasikia ile ile aliyokuwa akisema baba. Kesho Jumapili."

Nikamwambia barabara ni mbaya. Akasema atakodi hata trekta.

Jumapili, 27 Aprili

Barabara ya Kuresoi imekatika. Hawakuja. Nilieleza filamu kama mtu aliyesamehewa.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Hawakuja.

Jumapili, 11 Mei

Daraja limechukuliwa na maji. Nimeanza kuipenda mvua hii kwa namna ambayo ni dhambi. Nimeandika barua tatu kwa Mama Kipsang na kuzichoma jikoni. Wachuka aliona ya tatu.

"Baba, hizo ni habari za ukoo gani zinazochomwa?"

Nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua maharagwe. Kisha akasema, "Mimi mume wangu yuko Mombasa miaka minne, ninajua kulala peke yangu. Lakini mimi ninajua atarudi. Huyo mama ulimfungia mlango na ufunguo ukaweka mfukoni. Badilisha maneno, Baba. Hata kabla hajaja."

Ijumaa, 16 Mei

Vidya amekuja kunitazama, ameleta ndizi za kukaanga. Nimemwomba anifundishe maneno ya kweli ya hospitali, moja moja. Tumekaa mchana kutwa. Ana subira ya mwalimu mzuri; nilipokosea alinifanya nirudie. Nikajua ilivyo kuwa mwanafunzi, umri huu, na nikafurahi kama mjinga.

Alhamisi, 22 Mei

Redio inasema watu watatu wako karibu na mwezi, wanauzunguka. Jagdish anasema sasa hata mashine ya daktari inawezekana. Jua limetoka siku tatu mfululizo. Kutoka kwenye kizingiti ninaona ziwa, na heroe wamekaa ukingoni kama utepe. Barabara itakuwa imekauka.

Jumapili, 25 Mei

Walikuja. Ninaandika usiku, kitandani.

Mama Kipsang alikaa mstari wa mbele, kati ya Kipsang na Obura, kitambaa cheupe kichwani, mikono juu ya fimbo. Amezeeka. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa na meno yote. Aliniinamishia kichwa kwa heshima, kama mtu anayemwona padri wake.

Nilieleza vizuri. Sitasema uongo hata katika hilo: sijawahi kueleza vizuri kama leo. Nilijua ni mara ya mwisho, na kila mtu kwenye pazia alikuwa mtu wangu. Watu walicheka pa kucheka. Mgema alipoanguka kutoka mnazini, mama yule alifumba macho.

Hospitali ikafika. Mgonjwa akafungua kinywa. Nikashika maikrofoni kwa mikono miwili, nikasema nilivyofundishwa:

"Anaomba maji. Anasema, nipe maji kidogo, kwenye chombo cha shaba kilicho dirishani."

 Kisha mtu mmoja akacheka nyuma. Mwingine akaita, "Mwalimu amechoka, tumsaidie." Na ukumbi wote, kwa mapenzi, kwa sauti moja, wakanisaidia: "Asimwashie mwanamume mwingine moto. Mimi nimo ndani ya mtoto."

Nikasema tena, "Hapana. Anaomba maji." Hawakunisikia. Walikuwa wakipiga makofi. Obura alikuwa amesimama kwenye kiti.

Mama Kipsang hakupiga makofi. Aligeuka, akawatazama watu nyuma yake, mstari kwa mstari, kama mtu anayehesabu ng'ombe. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama mpaka taa zikawaka.

Alinisubiri penye dirisha la tiketi. Kipsang alikuwa amekwenda kuleta gari.

"Mwalimu," akasema, "hawa watu wote, Kosgei aliwaambia saa ngapi?"

 Nikaanguka, na la mwisho ninalokumbuka ni mikono ya Gurdial ikinidaka.

Jumatano, 28 Mei

Wachuka anaandika kwa niaba ya Baba. Anapumua kwa shida. Bwana Jagdish ametuma machungwa. Ameifunga filamu, anasema bila Mwalimu haina maana.

Ijumaa, 30 Mei

Nimeweza kukaa. Nimeshika kalamu mwenyewe.

Jumapili, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Mjini bendi inapiga, tunaisikia mpaka huku. Kama saa tano asubuhi Wachuka akasema, "Baba, una mgeni," na kabla sijauliza nikaisikia fimbo yake kwenye sakafu.

Alikuwa ameleta kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Alikikabidhi kwa Wachuka, akakaa kwenye kiti cha chini, karibu na kitanda, akakataa kile cha juu.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimegombana na wewe wiki nzima nikiwa peke yangu shambani, nimemaliza."

"Mama Kipsang, maneno yale niliyatunga mimi."

"Hiyo nimejua. Hata mtoto angejua. Mtu akitunga maneno mwenyewe, anayatoa kila mahali." Akanyoosha kitambaa kichwani. "Kemboi alikuja miaka mitatu. Alinikatia kuni kabla hajaniuliza. Nilikuwa nampenda, Mwalimu. Nilimkataa na nilikuwa nampenda, kwa sababu nilidhani kuna mtu mwingine anasikia."

Nililia. Hakunikataza, wala hakunibembeleza. Wachuka alisimama mlangoni, kibuyu bado mkononi.

"Nilikuwa mwoga," nikasema. "Ulinitazama ukataka neno, na sikuwa nalo."

"Sasa unalo? Huyo mwalimu wa Kihindi, Kipsang ananiambia amekufundisha lugha. Basi niambie. Wewe ulikaa na yeye mpaka mwisho. Kama si hayo, alisema nini?"

Ningeweza kumwambia maji. Lilikuwa tayari ulimini, ni neno la kweli, na wagonjwa wote wa homa huomba maji. Angelichukua, angeondoka nalo. Niliona jinsi lingekuwa rahisi, na nikaona kwamba ninatunga tena.

Kwa hiyo nikamwambia ambalo sikumwambia mke wangu alipokuwa hai, wala kanisa, wala daftari hili katika ukurasa wake wa kwanza. Nikamwambia: Sijui alisema nini, kwa sababu sikukaa naye. Nilikuwa nje, kwenye baraza, hatua kumi kutoka kitandani, na nilikuwa naiogopa homa yake. Alisema kuanzia adhuhuri mpaka jua likashuka, na mimi niliisikia sauti lakini sikuingia. Mhudumu wa wodi, mama mmoja wa kule, alitoka mlangoni mara tatu, akanitazama mimi, akasema, "Vaa." Ndilo neno alilotuitia kila asubuhi tukachukue dawa. Maana yake ni njoo. Mara zote tatu nilimwelewa.